Mashine ya boti ya mtumba: Bei hulipwa mara moja, matengenezo hulipwa na nyumba nzima

Mafia. Kila mahali pana chombo chake cha kutamaniwa. Mjini ni gari la kifahari lililokwisha kutumika nje ya nchi. Utende, kijiji kilicho ufukweni mwa Ghuba ya Chole kisiwani Mafia, chombo hicho hakina magurudumu. Ni mashine ya boti ya farasi 15, 25 au 40, iliyofungwa nyuma ya boti ya mbao au ya faiba.

Mwenye mashine hasubiri upepo. Huwahi sokoni samaki wakiwa bado wabichi, huvusha abiria kwenda Chole na Juani, na msimu wa wageni huwapeleka kuzamia na kuona matumbawe. Ndiyo maana zipo nyumba zinazouza mbuzi, kuvunja akiba ya vikoba au kuchukua mkopo ili kuipata. Na kwa kuwa mpya ni ghali, wengi hununua iliyotumika.

Hapo ndipo hesabu hupotea. Bei ya kununua hushuka kadiri mashine inavyozeeka, lakini bei ya spea haishuki. Anayenunua Ferrari ya mtumba kwa nusu ya bei hulipia breki zake sawa na aliyenunua mpya. Vivyo hivyo, anayenunua mashine ya farasi 40 iliyochoka hulipia pistoni, gia na sili kwa bei ya dukani, tena hulipa mara nyingi zaidi kwa sababu mashine imechoka.

Fedha hizo hazitoki hewani. Hutoka kwenye ada, nauli ya kliniki, mboga na sare za shule. Na mbali na fedha, mashine huingiza nyumbani vitu ambavyo mtoto mdogo hajui hatari yake: petroli, oili, moshi na vyuma vya moto. Kwa hiyo ununuzi wa mashine ya mtumba si jambo la baba na fundi peke yao. Ni jambo la familia.

Maji ya chumvi hayana huruma

Mashine ya boti hupozwa na maji ya bahari yenyewe. Chini, karibu na propela, kuna kipande cha mpira chenye mapanga madogo kinachoitwa impela. Kazi yake ni kuvuta maji na kuyapandisha hadi kwenye silinda ili zisiungue. Maji yakishapita hutoka pembeni kwa mshipa mwembamba, na mabaharia husema mashine "inakojoa".

Maji hayo yana chumvi. Mashine ikizimwa, yaliyobaki ndani hukauka na kuacha chumvi kwenye njia zake nyembamba. Siku baada ya siku njia huziba, mashine hupata joto, na mwisho pistoni hukwama ndani ya silinda. Chumvi hiyohiyo hula bolti, nyaya na viungio vya umeme.

Utende ina jambo jingine. Maji yakitoka, sehemu kubwa ya Ghuba ya Chole hubaki kina kifupi chenye mchanga, majani ya bahari na matumbawe. Nahodha mwenye haraka hupita hapo mashine ikiwa imeshuka, impela huvuta mchanga badala ya maji, na propela hugonga mwamba.

Dawa ya chumvi inajulikana: kuisafisha mashine kwa maji baridi kila inaporudi kutoka baharini. Mashine hutiwa kwenye pipa la maji yasiyo ya chumvi na kuwashwa kwa dakika chache, mpaka chumvi itoke. Ni kazi rahisi, lakini maji ya kujaza pipa lazima yatoke mahali. Nyumba nyingi za mwambao hutegemea maji yanayochotwa na kubebwa na mama au watoto. Familia ikikubali mashine, ikubali pia kazi hiyo na kupanga nani ataifanya, isije ikaangukia kwa binti anayetakiwa kuwahi shule.

Matatizo yanayojirudia

Mashine za mtumba huumwa magonjwa yaleyale. Mzazi ambaye si fundi anaweza kuyatambua mapema, na kutambua mapema ndiko kunakookoa fedha.

La kwanza ni joto. Mkojo wa mashine ukiwa mdogo, ukikatika au ukitoka mvuke, zima hapohapo. Mara nyingi tatizo ni impela iliyokauka au kuvunjika mapanga. Impela ni kipande kidogo, na mafundi hushauri ikaguliwe angalau mara moja kwa mwaka, hata zaidi kwa boti inayofanya kazi kila siku. Anayeahirisha kuibadili huishia kununua pistoni, ringi na gasketi, na pengine kuchonga silinda. Kuwasha mashine nchi kavu bila maji ili mteja "aisikie sauti" kunaweza kuiharibu impela kwa muda mfupi sana.

La pili ni oili ya gia. Chini ya mashine kuna gia zinazozungusha propela, nazo huogelea kwenye oili yake. Oili hiyo ikitolewa na kuonekana kama chai ya maziwa, maji yameingia. Chanzo cha kawaida ni mshipi wa kuvulia uliojizungusha kwenye mhimili wa propela na kukata sili. Sili ni mpira mdogo wa duara. Gia zikishaliwa na kutu, gharama yake ni ya kukatisha tamaa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

La tatu ni mafuta. Petroli iliyokaa muda mrefu huacha utando unaoziba matundu madogo ya kabureta. Maji au uchafu kwenye dumu huleta ugonjwa uleule: mashine inawaka, inakwenda kidogo, inazima. Chujio la mafuta na dumu safi ni nafuu kuliko kufungua kabureta kila mwezi.

La nne ni mchanganyiko. Mashine za viharusi viwili, ambazo ndizo nyingi kwa wavuvi, huchanganyiwa oili ndani ya petroli. Nyingi hutaka sehemu 1 ya oili kwa sehemu 50 za petroli, yaani nusu lita ya oili kwa dumu la lita 25. Baadhi, hasa za zamani, hutaka oili zaidi ya hapo, kwa hiyo kitabu cha mashine yenyewe ndicho cha kufuatwa. Anayebana oili ili kuokoa fedha hukwamisha pistoni. Anayemimina kwa kukadiria hupata moshi mzito na plagi zinazozima kila mara.

La tano ni umeme. Plagi, koili na nyaya zikipata chumvi, moto wa kuwashia hupungua. Hapa ndipo spea feki hufanya kazi yake. Plagi ya bei ya chini inayokufa katikati ya safari si nafuu, hasa mke au mtoto akiwa ndani ya boti.

Mashine za kisasa za viharusi vinne zina habari yake. Sheria za hewa chafu zilizotungwa Marekani mwaka 1996, na nyingine za Ulaya baadaye, ziliwasukuma watengenezaji kuacha kuuza huko mashine nyingi za viharusi viwili. Zile za viharusi vinne hula mafuta kidogo na hazina moshi mwingi. Lakini nyingi kubwa huingiza mafuta kwa mfumo wa umeme, na zikiumwa hutaka fundi mwenye kompyuta ya kuzipima. Kabla ya kununua ya namna hiyo kisiwani, uliza kwanza ni nani atakayeitibu na anapatikana wapi.

Gharama isiyoandikwa kwenye risiti

Watu wengi wakiulizwa mashine imewagharimu kiasi gani, hutaja fedha alizopewa muuzaji na fedha alizopewa fundi. Zipo gharama tatu zisizotajwa.

Ya kwanza ni mafuta yanayopotea. Mashine ya kawaida ya viharusi viwili yenye kabureta inaweza kutoa nje hadi robo ya mafuta yake bila kuungua, hata ikiwa nzima. Iliyochoka hupoteza zaidi. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mashine iliyochoka inakula lita 3 zaidi kwa kila safari. Boti ikitoka mara 20 kwa mwezi, hizo ni lita 60. Kwa mwaka ni lita 720. Ukikadiria lita moja kwa shilingi 3,000, umechoma shilingi 2,160,000 bila kupata hata kitoweo. Kila nyumba iweke hapo tarakimu zake, lakini njia ya hesabu ni hiyohiyo.

Ya pili ni siku za kukaa. Spea isiyopatikana Kilindoni huagizwa Dar es Salaam, ifike kwa ndege au kwa chombo cha majini kupitia Nyamisati. Kipande kikikosewa namba, safari huanza upya. Siku 10 za kungoja kipande kidogo ni siku 10 ambazo boti haileti kitu nyumbani, huku marejesho ya mkopo yakiendelea.

Ya tatu ni ya mwili. Mashine ya farasi 15 ina uzito unaokaribia kilo 40, na ya farasi 40 hupita kilo 70. Mahali ambapo watu huogopa wizi, mashine hufunguliwa na kubebwa hadi nyumbani. Maji yakiwa yametoka, mwendo ni mrefu na ni wa kwenye mchanga. Kazi hii mara nyingi huachiwa vijana wa miaka 14 au 15, ambao mifupa na misuli ya mgongo wao bado inakua. Ibebwe na watu wawili au wanne kwa mti, au kwa mkokoteni. Mgongo ulioumia hauna spea.

Kabla ya kutoa fedha

Mashine ya mtumba si mbaya kwa sababu ni ya mtumba. Zipo zilizotunzwa na zitakazolisha familia miaka mingi. Kinachotakiwa ni kuipima kabla ya kuipenda.

Ikute ikiwa baridi. Muuzaji akikuwashia kabla hujafika, huenda anaficha ugumu wa kuwaka asubuhi. Igusilishe mkono: kama tayari ina joto, ngoja ipoe au urudi siku nyingine.

Iwashe ikiwa ndani ya pipa la maji au baharini, kisha tazama mkojo wake kwa dakika kadhaa. Isikilize ikiwa taratibu na ikiwa kasi.

Mwombe fundi wako, si wa muuzaji, apime kompresheni ya kila silinda. Vipimo vya silinda vinapaswa kukaribiana. Mmoja ukiwa chini sana, ndani kuna matengenezo makubwa yanayokungoja.

Fungua bolti ya oili ya gia, uone rangi yake. Tikisa propela uone kama mhimili unacheza. Kagua alama za bisibisi kwenye bolti na rangi mpya iliyopakwa juu ya kutu. Rangi nzuri haipandishi kompresheni.

Toeni boti mkiwa na mzigo wa kawaida, mwende nusu saa. Mashine nyingi mbovu huonekana nzima kwa dakika tano.

Mwisho, soma namba ya mashine kwenye kibao chake. Iliyokwanguliwa au kung'olewa iachwe, hata kama bei ni ya kuvutia, kwa sababu mashine za boti huibwa. Dai risiti na uandikishe mauziano kwa mtendaji wa kijiji mbele ya mashahidi. Familia iliyonunua mali ya wizi hupoteza mashine na fedha kwa siku moja, na baba anaweza kuishia polisi.

Petroli ndani ya nyumba yenye watoto

Hapa ndipo afya ya familia inapokutana na mashine. Mafuta ya safari ya alfajiri hununuliwa jana yake, na usiku hulala mahali. Mara nyingi hulala ndani, karibu na jiko, kwenye dumu au chupa ya maji ya kunywa.

Mtoto wa miaka miwili akiona chupa ya maji, kwake ni maji. Petroli iliyochanganywa na oili ina rangi, na inaweza kuonekana kama juisi au soda. Mtoto akiinywa, hatari kubwa haiko tumboni. Iko kwenye mapafu. Petroli ni nyepesi na huteleza kwa urahisi kuingia njia ya hewa, na kiasi kidogo tu kinatosha kuleta uvimbe mkali wa mapafu.

Ndiyo maana kumtapisha mtoto aliyekunywa petroli au mafuta ya taa ni kosa. Inapopanda tena kooni, hupata nafasi ya pili ya kuingia kwenye mapafu. Usimtie kidole, usimpe maji ya chumvi, na usimlazimishe maziwa wala mafuta ya kula. Mvue nguo zilizolowa, mfute mdomo, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, kisha mpeleke kituo cha afya mara moja. Beba na chupa aliyokunywa ili mhudumu aione.

Mpeleke hata kama anacheza. Dalili za mapafu zinaweza kuchukua saa kadhaa kujitokeza, na wahudumu huhitaji kumwangalia. Kikohozi, kupaliwa, kupumua haraka, kifua kubonyea, kusinzia au midomo kubadilika rangi ni dalili za dharura. Hospitali ya Wilaya ya Mafia iko Kilindoni, kilomita zipatazo 15 kutoka Utende. Namba ya mwenye gari au bodaboda wa kuaminika iwepo kwenye simu ya kila mzazi kabla ya siku hiyo kufika.

Watu wazima nao wana kosa lao: kuvuta petroli kwa mdomo kupitia mpira. Anayefanya hivyo humeza au huvuta mvuke, na akipaliwa, yanayompata ni yaleyale ya mtoto. Pampu ndogo ya mpira inayobanwa kwa mkono inamaliza tatizo hilo. Kijana asifundishwe kunyonya mafuta kama sehemu ya ujuzi wa bahari.

Petroli iwekwe kwenye dumu lake lenye mfuniko unaobana, lisilotumika kwa kitu kingine, lenye alama ambayo hata asiyejua kusoma ataielewa. Likae nje ya nyumba ya kulala, kivulini, mbali na jiko na taa, mahali panapofungwa. Nunua kiasi cha safari, si cha mwezi.

Moshi, moto na vyuma

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hufika kwenye jiko la mkaa lililo mbali kidogo, na moto hurudi kwa njia hiyohiyo. Kwa hiyo hakuna kumimina mafuta jikoni, barazani penye sigara, wala usiku kwa mwanga wa kibatari. Petroli isitumike kuwashia kuni au kutoa madoa kwenye nguo za shule.

Mtoto akiungua, poza palipoungua kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, asali, mafuta wala unga, na usipasue malengelenge. Kama nguo yake imelowa petroli, mvue kwanza akiwa mbali na moto. Petroli ikiingia jichoni, osha kwa maji safi kwa dakika zisizopungua 15, kisha nenda hospitali.

Mashine isijaribiwe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake una hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu vikiwapata watu wawili au watatu kwa pamoja karibu na mashine, tokeni nje kwanza, maswali baadaye. Mjamzito na mtoto mchanga wakae mbali zaidi, kwa kuwa hewa hiyo humfikia na mtoto aliye tumboni. Ndani ya boti, abiria hao wakae mbele, moshi usiwafuate.

Propela nayo haina breki. Mtu akiwa ndani ya maji karibu na boti, anapanda au anashuka, mashine izimwe kabisa, si kuwekwa huru tu. Mashine nyingi zina kamba fupi ya usalama inayofungwa kwa nahodha. Akianguka, kamba huchomoka na mashine huzima. Katika mashine ya mtumba kamba hiyo mara nyingi imepotea au imefungwa kwa waya ili isisumbue. Ni miongoni mwa vitu vya bei ndogo kabisa kwenye mashine, na ndicho kinachozuia boti kumrudia mtu aliyeanguka.

Ikizima na watoto wamo

Nje ya ghuba, kwenye mlango wa Kinasi, mkondo hukimbia kwa nguvu maji yanapojaa na yanapotoka. Mashine inayozima ufukweni ni kero. Ikizima hapo, ni hatari. Miezi ya kusi, upepo huongeza mawimbi na boti isiyo na nguvu hugeuka ubavu.

Kwa hiyo boti yenye mashine ya mtumba isitoke bila njia ya pili ya kurudi: makasia au tanga, nanga yenye kamba ya kutosha, plagi za akiba na kifaa cha kuzifungulia, na simu yenye chaji ndani ya mfuko usiopitisha maji. Mtu aliyebaki nchi kavu ajue boti inakwenda wapi na itarudi saa ngapi. Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania usikilizwe kabla, si baada.

Kila aliye ndani avae jaketi okozi, na la mtoto liwe la saizi ya mtoto. Jaketi la mtu mzima humtoka mtoto kichwani anapoingia majini. Jaketi lililokaliwa kama mto kwenye boti halimsaidii mtu. Usalama wa vyombo vidogo vya majini husimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, na chombo cha abiria kinapaswa kuwa kimekaguliwa. Mzazi anayempandisha mtoto boti ana haki ya kuuliza.

Kikao cha nyumbani

Baada ya yote haya, je, familia iache kununua? Hapana. Kwa wengi mashine ndiyo tofauti kati ya mlo mmoja na milo mitatu. Lakini fedha za kununua zisiwe fedha zote zilizopo. Kama akiba yote inaishia mkononi mwa muuzaji, mashine hiyo ni kubwa kuliko uwezo wa nyumba. Ya farasi 15 iliyo nzima inaweza kuifaa familia kuliko ya 40 inayolala kwa fundi.

Baba na mama wakae, wakubaliane mambo matatu.

La kwanza ni mfuko wa matengenezo. Kila boti inaporudi, kiasi fulani kitengwe kabla ya mgawo. Kwa mfano, shilingi 5,000 kwa safari, safari 20 kwa mwezi, ni shilingi 100,000 kwa mwezi na 1,200,000 kwa mwaka. Fedha hizo zikae mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzitoa peke yake. Mashine ikiharibika, ada ya mtoto haiguswi.

La pili ni daftari. Tarehe, lita zilizotumika, oili iliyobadilishwa, spea iliyonunuliwa na bei yake. Mtoto wa darasa la sita anaweza kuliandika vizuri. Lita zikianza kupanda kwa safari ileile, daftari litawaambia kabla mashine haijazima. Na siku ya kuuza, daftari hilo litaongeza bei kuliko rangi mpya.

La tatu ni mpaka. Siku ipi mtasema imetosha? Kama matengenezo ya mwaka mmoja yanakaribia nusu ya bei ya kununua nyingine iliyo nzima, mashine hiyo inaifuga familia, si familia kuifuga mashine. Kuiuza mapema kwa spea si aibu. Miezi ya kusi, safari zinapopungua, ndiyo nafasi nzuri ya kuifungua, kuikagua na kuamua.

Oili chafu inayotolewa isimwagwe ufukweni wala kwenye mikoko. Utende ni makao ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, na ghuba hiyo ndiyo inayoleta samaki na wageni wanaolipia mashine. Ikusanye kwenye dumu na umpe fundi.

Muuzaji atakutajia bei moja. Kabla hujaitikia, mwulize mwenzako nyumbani maswali manne: spea tutazitoa wapi, petroli itakaa wapi, maji ya kuisafisha atachota nani, na ikizima katikati ya maji tutarudije. Nyumba yenye majibu ya hayo manne iko tayari kumiliki mashine. Isiyo nayo bado inaweza kuinunua, ila itayatafuta majibu hayo baadaye, kwa gharama kubwa zaidi.